Kitambaa Chekundu Msumarini

Mwizi aliyeingia nyumbani kwa Bwana Tranmer alikuwa mwizi wa ajabu, kama alikuwa mwizi kweli. Alipita mbele ya vijiko vya fedha asiviguse. Akapita mbele ya saa kubwa ya ukutani, ambayo fundi yeyote wa Mombasa angeinunua bila kuuliza imetoka wapi, akaiacha ikitembea. Akafika mwisho wa ukumbi, akatwaa fimbo, akaenda zake. Na pale msumarini palipokuwa na fimbo akafunga kitambaa chekundu.

Sajini Mwero Ngala, askari kanzu wa kituo cha Msambweni asiyekuwa na kanzu hata moja, alikuwa amekuja Diani kwa mara ya pili kuutazama msumari ule. Alikuwa anautazama kama mtu aliyelisahau jina la jamaa yake. Kuna kitu pale alikijua, lakini kila akikinyoshea mkono kilikimbia.

"Usikishike, Afande," alisema Koplo Chande nyuma yake. Chande alikuwa mtu wa Ukunda, hodari wa kukamata wevi wa nazi, lakini chochote chenye harufu ya uganga kilimrudisha nyuma. "Hicho si kitambaa cha mwizi. Hicho ni cha pepo. Pepo akitaka kitu hupewa, na mahali pake huwekwa alama."

"Pepo gani anayetaka fimbo ya reli?"

"Pepo wa Kizungu, Afande. Hao hutaka kofia, hutaka viatu, hutaka sigara. Fimbo itawashinda?"

Mwero hakucheka, kwa sababu Chande hakuwa anafanya mzaha. Akakifungua kitambaa, akakinusa, akakitia mfukoni. Kilikuwa kipande cha merikani iliyotiwa rangi, kimechakaa, na kilikuwa kinanuka mafuta mazito. Kisha akatoka barazani kumtafuta mwenye nyumba.

Watu wa Diani walimwita mzee yule Bwana Stesheni, na hawakumsingizia. Kwao Uingereza alikuwa stesheni masta wa Hallowby, stesheni ndogo iliyokuwa katikati ya malisho ya kondoo, juu ya reli moja tu iliyopitisha maziwa, barua na wanawake wa kwenda sokoni. Wakubwa wa huko wakapiga hesabu zao, wakaona reli ile hailipi, wakaifunga. Bwana Tranmer, mjane asiye na mtoto, akanunua kila kitu alichokubaliwa kununua, akakipakia melini, akaja kukaa katika nyumba ya makuti aliyoachiwa na dada yake. Saa ilikuwa ya Hallowby. Benchi la barazani lilikuwa la Hallowby. Hata jiko, lililokuwa nyuma ya nyumba kama majiko mengine ya pwani, lilikuwa chini ya sheria za Hallowby: mpishi wake Kaingu hakuvuka ua na bakuli la supu mpaka apige filimbi, aangalie kulia na kushoto, kisha ainue bendera ya kijani. Wageni waliona kichekesho. Bwana Stesheni na Kaingu hawakuona kichekesho chochote.

Leo supu haikuwako. Kaingu alikuwa mahabusu Msambweni tangu jana, na kesho asubuhi angepelekwa Kwale kwa hakimu. Inspekta wa kituo, Mzungu kijana asiyependa kesi zilale, alikuwa ameshakata shauri: mlango haukuvunjwa, ufunguo wa nyuma anao mpishi, na mpishi akiulizwa hasemi. Kwa Inspekta huko kunyamaza kulikuwa kukiri.

Bwana Stesheni alikuwa amekaa kwenye benchi lake na kopo la biskuti. Kiswahili chake kilikuwa cha Kaingu, yaani kizuri, maana hakuwa na mwalimu mwingine.

"Nilipiga ripoti ya fimbo, Sajini," alisema kabla hajasalimiwa. "Kaingu sikumpigia ripoti. Mwambieni arudi."

"Fimbo hiyo ni ya nini, Bwana?"

Mzee akaeleza, na jinsi alivyoeleza ilionekana amekwisha kueleza mara nyingi na hajachoka. Ni fimbo fupi, ya kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, mti mgumu wenye bamba la shaba. Reli ikiwa moja, treni mbili zaweza kukutana uso kwa uso. Kwa hiyo fimbo huwa moja. Dereva aliye nayo mkononi ndiye mwenye njia, na asiye nayo husimama hata kama anafuatwa na simba. Siku ya treni ya mwisho ya Hallowby dereva alimkabidhi ile fimbo, naye akaapa kwamba hakuna mkono mwingine utakaoishika tena.

"Umekosana na Kaingu?"

"Juu ya chumvi tu. Kila siku." Bwana Stesheni akafunga kopo. "Miaka yote niliyokaa Hallowby, Sajini, hakikupotea kitu. Hata mwavuli. Watu walisahau mizigo, watoto, meno ya bandia, na vyote vikarudi kwa wenyewe. Sasa angalia."

Aliyasema kwa aibu kuliko hasira, na Mwero alimwonea huruma.

Chande alikuwa na habari yake, na aliitoa walipokuwa garini. Kaingu alikuwa ameonekana Kinondo, zaidi ya mara moja, nyumbani kwa Mwanatumu, mganga. Basi kitambaa kimetoka kwa mganga, fimbo imekwenda kwa mganga, na kazi imekwisha. Mwero aliona hoja hiyo ina matundu mengi, lakini mtu kwenda kwa mganga kwa siri si jambo la kuachwa bila kuulizwa. Wakaelekea Kinondo.

Mwanatumu walimkuta uani akianika mizizi kwenye ungo, mwanamke mnene, mkavu wa maneno. Mwero akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Huyo mwenzako mbona amegandana na ua?"

Chande alikuwa amebaki langoni, akijifanya anachungulia barabara. Mwero akamwambia mama kwamba mwenzake anapenda hewa. Kisha akatoa kitambaa akamwekea mkononi. Mwanatumu alikigeuza, akakinusa, akamrudishia haraka kama mtu aliyepewa samaki aliyelala.

"Nani amekwambia hiki ni changu?"

"Watu."

"Mwanangu, vitambaa vyangu hufuliwa, vikafukizwa udi, vikanyunyizwa marashi. Hiki kinanuka grisi. Pepo nikimpa hiki atanihama mimi mwenyewe."

Langoni Chande alikohoa. Mwero akauliza habari za Kaingu, naye Mwanatumu hakuona la kuficha. Mbali na mapepo alikuwa mwunga mifupa, na Kaingu alikuwa akimleta Rai, mdogo wake. Huyu Rai alikuwa mkata miwa wa shamba la Dzuwani, nyuma ya Msambweni, na siku moja, akiwa amepanda juu ya vigari vya miwa, injini mbili za shamba zilikutana katika kona na kukumbatiana. Mguu ukavunjika mara mbili. Hospitali walimfunga, lakini ulipofunguliwa ulikuwa umekwenda upande, ndipo Kaingu akamleta ukandwe.

"Mara ya kwanza aliletwa na dereva mwenyewe," alisema Mwanatumu. "Mzee mmoja wa kofia ya reli. Alilia kuliko mgonjwa, nikamtoa nje."

"Wameumia wengine baada ya Rai?"

"La. Na mimi niliwangojea, nisikufiche. Kwa mwendo ule wao nilijua wataletwa kwangu kila juma. Lakini tangu hapo kimya. Sijui wamefanya nini."

Mwero alimshukuru, akaaga. Gari lilikuwa halijafika mbali alipomwambia Chande asimamishe. Akakitoa tena kitambaa, akakitundika kwenye kitasa cha mlango wa gari, akakitazama. Mara hii hakikukimbia.

Alizaliwa katika landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Samburu, nyika kavu ya Waduruma, ambako maji yenyewe yaliletwa na treni. Baba yake, Ngala, alikuwa mgeuza njia. Huko hawakutumia fimbo bali pete kubwa ya chuma yenye mfuko wa ngozi, lakini sheria ilikuwa ile ile: dereva asiye na pete hana njia. Pete zilitundikwa misumarini katika kibanda. Na kila pete ilipotoka, baba yake aliufunga msumari mtupu kwa kitambaa chekundu, ili yeyote atakayeingia, hata akiwa amechoka, hata akiwa ameamshwa usingizini, ajue kwamba njia imeshikwa, kwamba kuna watu hai huko mbele, asiruhusu treni nyingine. Vitambaa hivyo alivikata mama yake Mwero kutoka nguo kuukuu. Mwero mwenyewe alikuwa akivifua, na havikupata kutakata.

Alikuwa amekitazama kitambaa kwa macho ya askari tangu jana, na kilihitaji macho ya mtoto wa landhi.

"Chande," alisema, "tunamtafuta mtu wa reli. Na hakuiba. Aliyeiba hafungi msumari. Anayefunga msumari anasema, nimetumia, nitarudisha."

"Basi pepo hayumo?"

"Pepo hayumo."

Chande alitia gia kwa furaha ambayo hakuweza kuificha.

Kule kituoni Kaingu alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo wima, mikono magotini. Alikuwa mtu mzima wa mvi, na jana alikuwa amemchosha Inspekta kwa adabu tupu: ndiyo Bwana, la Bwana, sijui Bwana. Mwero akamwamkia shikamoo kama inavyompasa, akaketi naye chini. Hakuuliza kitu. Alitoa kitambaa akakifunga kwenye nondo ya dirisha, akakaza fundo.

Kaingu alikitazama kitambaa, kisha akamtazama Mwero.

"Mzee Kaingu, sikuulizi nani alichukua fimbo. Nakuuliza, saa hii njia imeshikwa na nani?"

Nje askari mmoja alikuwa akichota maji, na ndoo ilisikika ikigonga kisima.

"Sajini," alisema Kaingu, "ukienda kuichukua, nakuomba kitu kimoja. Usiichukue injini ikiwa njiani."

Kuanzia hapo kilichobaki kilitoka chenyewe, polepole, kwa sauti ya chini. Shamba la Dzuwani lilikuwa na injini mbili, ambazo madereva waliziita Bi Mkubwa na Bi Mdogo, na kila moja ilikuwa na mashamba yake ya kwenda. Lakini njia zao ziliungana mahali paitwapo njia panda, na kutoka hapo hadi kiwandani reli ilikuwa moja, ikipinda katikati ya miwa mirefu asikoona mtu. Baada ya Rai kuvunjika, madereva walimwendea msimamizi wakaomba mtu wa kushika bendera. Msimamizi aliwaambia kwamba mwenye kuogopa aseme, maana wanaotaka kazi yake wamejaa barabarani, na akawakataza kungojana. Wao wakaamua kungojana kwa siri. Akijua, watafukuzwa wote wawili. Kwa hiyo Kaingu hakusema, wala hangesema mbele ya hakimu.

"Mbona hamkukata fimbo yenu msituni?" aliuliza Mwero.

"Walikata. Siku moja dereva mmoja akachelewa, mwenzake akachoka kungoja, akakata nyingine. Wakakutana tena kwenye kona, ni Mungu tu." Kaingu akatikisa kichwa. "Fimbo ya kukatwa hukatiwa mwenziwe. Ile ya Bwana haina pacha."

"Na Bwana, mbona hukumwomba?"

Kaingu alikunja pindo la shuka lake, akalikunjua.

"Ningemwomba, angekataa. Na akishakataa, mimi nisingeweza tena kuichukua."

Mwero alirudi Diani peke yake alasiri hiyo. Hakumweleza mzee yote. Alimwambia tu kwamba huenda fimbo imeonekana, na kwamba ingefaa avae kofia yake ya kazi. Bwana Stesheni aliivaa bila kuuliza kwa nini, akatoa gari lake kuukuu, wakaenda. Njiani aliendesha kwa uangalifu, akipiga honi kwenye kila kona hata palipokuwa na mbuzi tu.

Gari waliliacha barabarani wakaingia kwa miguu kati ya miwa, Mwero akiwa mbele. Mataruma, magogo yaliyobeba reli, yalikuwa yameoza nusu na reli zimepindapinda, lakini Bwana Stesheni alitembea juu yake kwa hatua za mtu aliyerudi kwao. Walipofika njia panda walisimama nyuma ya rundo la miwa.

Bi Mdogo ilikuwa imesimama upande wa kushoto, vigari vyake vimesheheni miwa, ikitoa moshi na kungoja. Dereva wake, kijana aliyeitwa Thoya, alikuwa ameegemea dirisha akitazama upande wa kiwandani. Punde ikaja Bi Mkubwa kutoka huko, na vigari vitupu vikipiga kelele, ikapita makutano, ikaingia njia yake ya kulia, ikasimama. Akashuka mzee mwenye kofia ya reli iliyokwisha kupoteza rangi. Mkononi alikuwa na fimbo fupi yenye bamba la shaba.

Bwana Stesheni akatoka mafichoni kabla Mwero hajamzuia.

Mzee wa kofia alisimama pale pale. Alimwona Mzungu, akaona na kofia yake, na hakukimbia wala hakuificha fimbo. Alikuwa Nzai, dereva aliyemlilia Rai.

"Nipe," alisema Bwana Stesheni.

Nzai akampa, kwa mikono miwili. Mzee akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya jina la Hallowby. Shaba ilikuwa inang'aa.

"Mmeipaka mafuta."

"Kila tukiishika, Bwana."

"Nani amewafundisha?"

"Wewe, Bwana. Kaingu hutuhadithia usiku unayomhadithia mchana. Mimi ndiye niliyeingia kuichukua, yeye alinifungulia mlango tu. Kama kuna wa kufungwa, ni mimi."

"Mbona hamkuniomba?"

Nzai alimtazama usoni. "Ungetupa?"

Kule kiwandani king'ora kililia kudai miwa. Thoya alikuwa ameshika mpini wa mvuke, macho kwenye fimbo, na Mwero alijua anachowaza: fimbo ikienda na polisi, atatoka bila fimbo, kwa sababu king'ora hakingoji. Kwa sheria Sajini alipaswa kunyosha mkono pale pale na kuitwaa kuwa ushahidi. Mkono wake ulibaki mfukoni, ukiwa umekishika kitambaa.

"La," alisema Bwana Stesheni. "Nisingewapa."

Akaivuta kofia yake chini kidogo. Akageuka akautazama msafara wa Bi Mkubwa mpaka mwisho.

"Gari la mwisho limeingia lote?"

"Limeingia lote, Bwana," alijibu Nzai.

"Makutano?"

"Yamegeuzwa."

Mzee akatembea hadi Bi Mdogo, akasimama wima chini ya dirisha, akainua fimbo. "Njia ni yako," alimwambia Thoya. Thoya akaipokea, akapiga filimbi, na injini ikajikokota ikaingia kwenye kona ya miwa. Bwana Stesheni aliitazama mpaka kigari cha mwisho kikapotea, kisha akatoa leso akapenga kamasi kwa kishindo.

Nzai alimgeukia Mwero. Alitaka kujua wamefikaje. Mwero akamwonyesha kitambaa.

"Hiki kimekusaliti, mzee. Ulijifunza wapi kufunga msumari?"

"Zamani nilikuwa mchochea moto wa njia kubwa. Kulikuwa na mgeuza njia mmoja Samburu, akiitwa Ngala. Yule bwana, msumari wake hukuukuta mtupu hata siku moja. Nikaona nikichukua bila kufunga, ndipo nitakuwa mwizi."

"Ni baba yangu," alisema Mwero. Nzai akaushika mkono wake, akautikisa muda mrefu.

Lakini mambo hayakuwa yamekwisha, na Bwana Stesheni ndiye aliyeona hivyo kwanza. Alisema atakwenda kwa msimamizi wa Dzuwani sasa hivi, kama mtu wa reli kwa mtu wa reli, amweleze. Nzai akamsihi asiende. Msimamizi akijua wanangojana atawafukuza, na watakaokuja badala yao watajua mwendo tu. "Tuachie fimbo, Bwana. Hatuhitaji zaidi."

"Inspekta anataka fimbo au anataka mwizi," alisema Mwero. "Kesho asubuhi atakuwa na kimoja kati ya hivyo. Akiiona fimbo atauliza ilikuwa wapi."

Bwana Stesheni alikaa juu ya reli, kofia mikononi, akafikiri. Alipoinuka alionekana mzee zaidi.

"Basi haikuibwa," alisema. "Ilipotea tu."

"Ilipotezwa na nani, Bwana?" aliuliza Mwero.

Bwana Stesheni aliipangusa kofia kwa mkono wa koti, akaivaa, akaanza kurudi garini.

Jua lilikuwa bado halijazama walipoingia kituoni. Bwana Stesheni alisimama mbele ya meza ya Inspekta kama mtu aliye ukingoni mwa reli treni ya mkubwa ikiingia. Walisema Kizungu, lakini Mwero alikisikia chote. Mzee alisema fimbo aliiweka mwenyewe chini ya kitanda, akasahau. Alisema amezeeka, kichwa hakishiki kitu siku hizi. Alisema amewasumbua polisi bure na amemweka ndani mtu asiye na hatia, na anaomba radhi.

Inspekta alicheka mpaka akafuta machozi. Alimwuliza kama na saa yake imo chini ya kitanda, kama na benchi limo. Alisema hadithi hii wataipenda klabuni, stesheni masta aliyepoteza fimbo yake mwenyewe akamfunga mpishi. Bwana Stesheni alisema ndiyo, bila shaka wataipenda. Masikio yake yalikuwa mekundu, lakini hakuinamisha kichwa.

"Wewe umeiona hiyo fimbo, Sajini?" aliuliza Inspekta.

"Nimeiona kwa macho yangu, Bwana. Iko salama."

Na hilo lilikuwa kweli.

Ukuta wa mahabusu ulikuwa mwembamba, na Kaingu alikuwa amemtumikia Mzungu muda wa kutosha kujua Kizungu. Alipofunguliwa alikuja mpaka barazani, akasimama mbele ya mzee, mvi kwa mvi.

"Bwana hujapata kupoteza kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Hata mwavuli."

"Nimepoteza leo."

Kaingu alinyosha mkono, akauondoa unyasi wa muwa uliokuwa umenasa kwenye kofia ya mzee, akaubana kiganjani ili Inspekta asiuone. Machozi yalikuwa yakimtoka, akayaacha.

Mwero akatoa kitambaa mfukoni, akampa mzee. Bwana Stesheni alikikunja mara nne, grisi na yote, akakitia mfuko wa koti wa juu, upande wa moyo.

"Msumari uko mtupu tangu asubuhi," alisema. "Haifai. Twende tukaufunge." Akashuka ngazi, akafika ukingoni mwa barabara, akasimama. Hakugeuka. "Njia i wazi, Kaingu?"

Kaingu akashuka akasimama kando yake. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akainua mkono mtupu juu kama aliyeshika bendera.

"I wazi, Bwana."